Nani analipa ndizi za sokwe? Kutoka Hewa Bora hadi Lwiro

Wazee wa milima ya Fizi wanaijua Hewa Bora. Ndiyo ngome ambamo Laurent-Désiré Kabila na wenzake wa chama cha PRP, kilichoanzishwa mwaka 1967, walijificha kwa miaka mingi wakimpinga Mobutu. Ukikaa nao jioni watakuambia habari za dhahabu iliyovuka ziwa, za njaa, za askari wa Mobutu waliopanda milima wakashindwa kushuka. Jambo moja husemwa mara chache: kwamba watu waliotoka katika ngome ile walibadilisha namna pesa za kulinda sokwe zinavyotafutwa duniani.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa Tanganyika wakashuka Gombe, kaskazini ya Kigoma. Huko Gombe kulikuwa na kituo cha utafiti cha mama Mwingereza, Jane Goodall, ambaye alikuwa amekaa miaka 15 akichunguza maisha ya sokwe-mtu, hao ambao wengi wetu huku tunawaita shimpanze. Wavamizi waliwachukua wanafunzi 4, Wamarekani 3 na Mholanzi 1, wakawaleta upande wetu wa ziwa. PRP ilidai pesa, silaha, na kufunguliwa kwa watu wake waliokuwa wamefungwa Tanzania. Fidia ililipwa, wanafunzi wakaachiliwa kidogo kidogo, wa mwisho akatoka mwezi wa 7. Hakuna aliyekufa.

Ninaileta habari hii kwa sababu ya swali ambalo linarudi kila mara tunapotangaza habari za wanyama. Msikilizaji anauliza: kwa nini nyani anapata daktari na ndizi kila siku, wakati mimi niliyekimbia na watoto sina hata turubai? Swali ni la haki, na sitalikwepa. Lakini ndani yake kuna swali lingine, la kihistoria: pesa hizo zinatoka wapi, na kwa nini mara nyingine zinakatika ghafla, kama vile mgao wa PAM unavyokatika? Familia za kambi ya Lusenda, ambayo imepokea ndugu zetu Warundi tangu 2015, hazihitaji kufundishwa maana ya kuishi kwa saini ya mtu aliye mbali.

Jane Goodall alifika Gombe mwezi wa 7 mwaka 1960. Ndiyo siku zilezile ambapo Kongo ilikuwa imepata uhuru na machafuko yakaanza, Wabelgiji wakavuka ziwa kwenda Kigoma kwa wingi. Kabla hajaingia msituni, yeye na mama yake walisaidia kutengeneza mikate ya kuwalisha wakimbizi hao. Kumbe hata wazungu walikuwa wakimbizi kwenye ziwa hili, na wakalishwa na watu waliokuja kwa shughuli nyingine kabisa.

Pesa zake za kwanza zilikuwa za mtu mmoja, tajiri Mmarekani aliyeitwa Leighton Wilkie: kama dola 3,000, za kukaa msituni miezi 6. Baadaye gazeti na shirika la National Geographic likachukua mzigo, na katika miaka ya 1970 chuo kikuu cha Stanford cha Marekani kikawa kinaleta wanafunzi wengi. Kituo kilistawi. Lakini angalieni kilisimama juu ya nini: wafadhili wachache, wakubwa, walio mbali.

Usiku mmoja wa 1975 ukatosha. Stanford ikaondoa wanafunzi wake. Watafiti wa kigeni hawakuruhusiwa tena kukaa Gombe kama zamani, na milango ya pesa ikaanza kufungwa. Kwa hesabu ya kawaida kazi ingekufa. Haikufa, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni Watanzania wa vijiji vya karibu waliokuwa wasaidizi wa kituo. Walikuwa wanajua kila sokwe kwa jina na kwa sura. Wageni walipoondoka, wao waliamka asubuhi, wakapanda milima na daftari zao, wakaandika. Daftari zile hazikukatika, na leo Gombe ina mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi duniani za wanyama wa msituni.

Sababu ya pili ni kwamba mwaka 1977 Goodall alianzisha taasisi yenye jina lake, ili asimtegemee tena mfadhili mmoja. Alianza kusafiri na kuhutubia, akiomba kidogo kidogo kwa watu wengi. Katika uzee wake alikuwa njiani karibu siku 300 kwa mwaka. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, katika ziara ya mihadhara huko Marekani. Mtu anaweza kusema ni maisha ya kuchosha, na ni kweli, lakini wachangiaji laki moja hawawezi kukasirika wote siku moja.

Tena mwaka 1994 taasisi hiyo ilianza mpango ulioitwa TACARE katika vijiji vinavyozunguka Gombe. Msitu wa nje ya mbuga ulikuwa umekwisha kukatwa, na watu walikuwa maskini. Wakaanza na mahitaji ya wanavijiji: maji, miche ya miti, afya, mikopo midogo ya akina mama. Mikopo hiyo si kitu kigeni kwetu. Ni ndugu wa MUSO na likelemba zetu, ambapo mama ishirini wanaweka franka kila juma na mmoja anaanza biashara ya ndagala.

Gombe lakini ni msitu wenye sokwe huru. Kuokoa yatima ni kazi nyingine, na gharama yake ni ya namna nyingine.

Mtoto wa sokwe anayeuzwa barabarani, amefungwa kamba kiunoni, ametoka kwenye kundi lililouawa. Mama hamwachi mtoto wake hivi hivi. Mwindaji anamuua kwanza, mara nyingi pamoja na wengine wanaomtetea. Nyama inaliwa au inauzwa, mtoto anatafutiwa mnunuzi mjini. Sheria ya Kongo inakataza jambo hili. Mtoto akikamatwa na serikali, lazima awe na mahali pa kupelekwa, la sivyo sheria inabaki karatasi tu. Na vituo vinavyofanya kazi sawasawa havimnunui mnyama hata kwa franka moja, maana ukinunua mmoja, kesho wataletwa watatu.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Sokwe anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Anapofika ana mwaka mmoja, pengine miwili. Ana risasi mwilini au ameoza kidonda cha kamba. Anahitaji maziwa, dawa, na mama wa kumbeba mgongoni mchana na usiku. Kumrudisha msituni ni kazi ya miaka mingi na mara nyingi haiwezekani. Anayempokea amejifunga deni la nusu karne. Mfadhili, naye, anasaini mkataba wa mwaka mmoja, miwili, mitatu akiwa mkarimu sana. Nimesoma ripoti nyingi za mashirika katika kazi hii ya habari, na naona kwamba vituo vingi vinavyoanguka vinaanguka kwenye pengo hilo, si kwa kukosa huruma.

Wenzetu wamejaribu kuliziba pengo kwa njia mbalimbali. Kenya, mwaka 1977, mama Daphne Sheldrick alianzisha mfuko kwa kumbukumbu ya mume wake, David, na kituo chake Nairobi kinalea yatima wa tembo. Njia yake ni rahisi: mtu aliye Ulaya au Marekani anamchukua tembo mmoja kama mtoto wa kupanga, anatuma kama dola 50 kwa mwaka, anapokea habari zake. Wageni wanaingia saa moja tu kwa siku, basi, wengine wanabaki nje na tembo wanapumzika. Pesa hizo ni ndogo kwa kila mtu, lakini zinarudi kila mwaka, na mtu hamsahau mtoto aliyempa jina moyoni.

Uganda walichagua kisiwa. Ngamba, ndani ya ziwa Viktoria, si mbali na Entebbe, ilifunguliwa mwaka 1998 na mashirika kadhaa, taasisi ya Goodall ikiwa mojawapo. Watalii wanakuja kwa mashua, wanalipa, wanaona sokwe wakilishwa. Kwa miaka mingi ilionekana kuwa jibu zuri. Halafu mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege. Watalii sifuri, na sokwe wakataka chakula cha asubuhi kama kawaida.

Sisi wa Kivu ya Kusini hatukuhitaji korona kujifunza somo hilo. Kahuzi-Biega ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1970, na Mbelgiji Adrien Deschryver akaanza kuwazoeza gorila kule Tshivanga ili watu waweze kuwakaribia. Wageni kutoka dunia nzima walikuja Bukavu kwa ajili hiyo, kabla Rwanda haijawa na jina katika biashara hii. Gorila Maheshe alichorwa hata kwenye noti ya zaire 50,000. Mwaka 1993 majangili wakamuua, noti ikabaki. Sensa ya 1990 ilihesabu gorila 258 katika sehemu ya juu ya mbuga. Baada ya vita vya 1996 na 1998 walibaki kama nusu. Watalii walikuwa wamekwenda zamani.

Na kuna deni lingine la Kahuzi ambalo haliandikwi katika vitabu vya hesabu. Batwa walifukuzwa kutoka msitu ule bila ardhi mbadala, na hadi leo wanalilia haki yao. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imesema wazi kwamba haki zao zilivunjwa. Msomaji aliyefukuzwa kijijini kwake hahitaji maelezo. Pesa ya utalii iliyojengwa juu ya kufukuza majirani imewapa wanyama maadui, na adui wa karibu ni ghali kuliko mlinzi yeyote.

Sasa tufike Lwiro. Iko Kabare, kaskazini ya Bukavu, mbele ya uwanja wa ndege wa Kavumu. Wabelgiji walijenga pale kituo kikubwa cha utafiti cha IRSAC, kilichoundwa mwaka 1947, majumba mazuri ambayo mgeni akiyaona anadhani amepotea njia. Baada ya uhuru kikawa cha nchi, leo tunakiita CRSN. Wakati wa vita, watoto wa sokwe na tumbili walikuwa wakikamatwa mikononi mwa askari na wafanyabiashara, na hakukuwa na pa kuwaweka. Mwaka 2002 CRSN na ICCN wakapatana kuwalea hapohapo Lwiro. Baadaye shirika la Coopera kutoka Hispania likaja kusaidia, na kituo kikaingia katika umoja wa vituo vya Afrika uitwao PASA. Leo kina sokwe zaidi ya 100, na tumbili wa aina nyingi, na kasuku.

Tafakari kidogo, mama uliyewahi kulisha watoto wanane kwa kikombe kimoja cha unga: midomo zaidi ya 100 ya sokwe, kila siku, hakuna Jumapili. Ndizi, viazi vitamu, mahindi, mboga. Nani analipa? Wafadhili wa nje, ndiyo, na watu wa mbali wanaochanga kidogo kidogo kwa ajili ya sokwe mmoja mmoja. Lakini ninachotaka mkione ni mahali pesa hizo zinapoanguka. Chakula kinanunuliwa kwa wakulima wa jirani. Wanaobeba yatima mgongoni, wanaopika uji, wanaojenga ua, ni watu wa vijiji vya Kabare wenye mshahara. Ndizi ya sokwe, kabla haijaliwa na sokwe, imekwisha kulipa daftari la mtoto shuleni.

Hilo ndilo lililojaribiwa mwaka 2025. Mwezi wa kwanza serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na USAID ikafungwa kabisa katikati ya mwaka. Hata pesa za Marekani za kulinda sokwe, ambazo msingi wake ni sheria ya mwaka 2000, zilitikiswa. Wakati huohuo vita vilishuka: Kavumu ilianguka tarehe 14 Februari, Bukavu siku mbili baadaye. Mabenki yakafungwa. Hili ni jambo ambalo wafadhili wa Ulaya hulielewa kwa shida: pesa inaweza kuwa imefika, iko kwenye akaunti, jina lako limeandikwa, na usiweze kununua hata fungu la lenga-lenga. Katika hali hiyo kituo kinaishi kwa imani ya jirani anayekubali kukupa viazi leo na kulipwa siku ya Mungu. Imani hiyo hainunuliwi wakati wa vita. Inatokana na miaka ya kulipa vizuri.

Kwa hiyo nina maoni yangu, na nitayasema bila kuzunguka. Utalii ni mchuzi. Mfadhili mkubwa ni sherehe. Bukari ni wachangiaji wadogo wengi walio mbali, pamoja na majirani wanaouza chakula na kufanya kazi hapa. Kituo chenye hivyo viwili kinaweza kupoteza mchuzi kwa mwaka mzima kikabaki hai.

Kuna njia nyingine mbili ambazo zinastahili kutajwa. Virunga, kule Kivu ya Kaskazini, ambako yatima wa gorila wanalelewa Rumangabo katika kituo cha Senkwekwe, walijenga mitambo ya umeme wa maji, Mutwanga mwaka 2013 na Matebe mwaka 2015, wakawauzia watu umeme ili mbuga ipate mapato yake. Wazo ni zuri kuliko utalii, maana mtu anawasha taa hata kama hakuna mzungu barabarani. Lakini mtambo unahitaji mamilioni ya dola kuuanza, na waya za umeme nazo zinapita katika vita. Si njia ya kituo kidogo.

Njia ya pili ni mfuko wa akiba. Wafugaji wa Hauts Plateaux wanaielewa haraka: ukipewa ng'ombe, humchinji, unakunywa maziwa. Pesa inawekwa mahali salama, inazaa, na kinachotumiwa ni faida tu. Nchi yetu ina mfuko wa namna hiyo kwa ajili ya mbuga, Fonds Okapi. Tatizo ni kwamba ng'ombe lazima awe mkubwa sana ili maziwa yatoshe, na wafadhili wengi wanapenda kuona pesa yao ikiliwa mwaka huuhuu, wapige picha. Hata hivyo kituo kidogo kinaweza kuanza na kitu cha chini: akiba ya chakula cha mwaka mmoja, isiyoguswa. Ngamba ya 2020 na Lwiro ya 2025 zote zinaonyesha kwa nini.

Ulinzi nao ni gharama. Mwezi wa 9 mwaka 2022, pale Lubumbashi, watu waliingia usiku katika kituo cha J.A.C.K. wakaiba watoto 3 wa sokwe, wakadai fidia. Wenye kituo walikataa kulipa, wakijua kwamba wakilipa mara moja, kila yatima katika Kongo amekuwa na bei. Miaka 47 baada ya Gombe, mambo yaleyale: usiku, fidia. Tofauti ni kwamba safari hii aliyetekwa alikuwa sokwe mwenyewe.

Nirudi nyumbani, maana hili si jambo la Kabare peke yake. Misitu ya Fizi bado ina sokwe, upande wa Itombwe na upande wa Ngandja. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 bila wenyeji kuulizwa, ikaleta kelele kubwa, na ilichukua miaka 10 ya kukaa na machifu na wananchi hadi mipaka ikapatana, mwaka 2016. Wakati huohuo vita vinasukuma watu msituni. Aliyekimbia anatafuta kuni, shamba, nyama, simlaumu. Mwenye bunduki naye anawinda, na huyo namlaumu. Watoto wa sokwe wataendelea kuokotwa, na mtoto anayeokotwa leo karibu na Baraka hana kituo cha karibu: njia yake ni Uvira, Bukavu, kisha Lwiro, barabara ambayo sisi wenyewe tunaipita kwa hofu.

Likija shirika hapa Lusenda au Fizi-centre kusema linataka kuanzisha nyumba ya yatima wa msituni, na mashirika huja, machifu na kamati za wakimbizi wa ndani wana haki ya kuuliza kabla ya kukata kipande cha ardhi. Mkataba wenu ni wa miaka mingapi, na sokwe wenu ataishi mingapi? Mihogo na ndizi mtazinunua kwa nani, kwa bei gani, na mama aliyekimbia anaruhusiwa kuuza naye au ni mwenyeji tu? Nani atalipwa mabenki yakifungwa? Mna chakula cha mwaka mzima pembeni? Na shamba la nani linaingia ndani ya ua?

Shirika lenye majibu litakaa kwenye kiti na kujibu hata kama ni saa tatu. Lisilo nayo litasema limechelewa kwenye mkutano wa Uvira.